Tangazo Lijifunge Lenyewe: Kupanga Chaguo-msingi la Muda kwenye Tovuti ya WordPress

Tovuti nyingi ninazotunza hapa Kisumu na kuelekea Kakamega ni za taasisi ndogo: shule, makanisa, vyama vya ushirika, hoteli mbili tatu za karibu na ziwa. Zote zina ugonjwa mmoja. Tangazo la kazi iliyofungwa Machi bado liko ukurasa wa mbele mwezi Agosti, na mtu anapanda matatu kutoka Siaya na bahasha yake ya kaki, anafika getini anaambiwa nafasi ilijazwa zamani. Karani hana nia mbaya. Ana kazi kumi, na kurudi kwenye tovuti kuondoa tangazo ni ile ya kumi na moja.

Programu-jalizi (plugin, yaani kiongezo cha WordPress) ninayotumia kumsaidia ni PublishPress Future. Ni ya bure, na walioanza WordPress zamani wanaijua kwa jina la Post Expirator. Kuweka tarehe ya mwisho kwenye tangazo moja moja si kazi. Karani yeyote utamwelekeza akaelewa kabla chai haijapoa. Shida ni kwamba anayesahau kuondoa tangazo ndiye huyo huyo atakayesahau kuweka tarehe. Ndiyo maana mwongozo huu unahusu chaguo-msingi, yaani kile ambacho tovuti itafanya ikiwa mtu hakugusa chochote. Lipange ukimfikiria karani siku ambayo stima zinapotea na kurudi, simu ya ofisi inalia, na mkuu amesimama mlangoni akitaka tangazo liwe hewani sasa hivi.

Kwanza kabisa, saa

Ingia kwenye dashibodi, fungua "Settings", kisha "General", ushuke hadi "Timezone". Tovuti nyingi huachwa kwenye UTC, yaani saa ya kimataifa, tangu siku zilipowekwa. Chagua Nairobi. Kenya iko saa tatu mbele ya UTC, kwa hiyo ukiiacha hivyo tangazo lililopangwa kufungwa saa kumi na moja jioni litakaa hadi saa mbili usiku, na maombi yaliyochelewa yatazidi kuingia huku aliyeyatuma akiamini yuko ndani ya muda. Hapo utakuwa umejitafutia kesi.

Mkiwa hapo, elewaneni na karani jinsi ya kuandika saa. Programu inahesabu saa 24 kuanzia usiku wa manane: saa kumi na moja jioni ni 17:00, wala si 11:00. Na "saa sita usiku tarehe 30" ni mtego. Ukiandika tarehe 30 saa 00:00, tangazo linafungwa siku hiyo ikiingia, na siku nzima ya mwisho imeliwa. Mwambie aandike 23:59 yaishe.

Hatua ya 1: Tenganisha matangazo na habari

Watu wengi huruka hatua hii, halafu wanalaumu programu. PublishPress Future huweka chaguo-msingi kwa kila aina ya maudhui: machapisho ya kawaida yana mipangilio yake, kurasa zina yake. Sasa kama shule inaweka kila kitu kwenye "Posts", tangazo la kununua sare na habari ya kwaya kufika mashindano ya kitaifa vitapata hukumu moja. Baada ya wiki mbili sare zimeondoka, na kwaya nayo imeondoka, na mwalimu wa muziki anakupigia simu.

Kwa hiyo yape matangazo nyumba yao. Unaweza kutumia programu-jalizi ya kuunda aina mpya za maudhui, au uandike mistari hii michache kwenye faili ya functions.php ya mandhari-mtoto (child theme). Usiiweke kwenye mandhari yenyewe, maana sasisho likija litaifuta:

```
add_action( 'init', function () {
    register_post_type( 'tangazo', array(
        'label'        => 'Matangazo',
        'public'       => true,
        'has_archive'  => true,
        'show_in_rest' => true,
        'supports'     => array( 'title', 'editor', 'thumbnail', 'custom-fields' ),
        'taxonomies'   => array( 'category' ),
    ) );
} );
```

Mstari wa `show_in_rest` ndio unaokupa kihariri cha bloku. Ukiusahau utapata kihariri cha zamani. Ukishahifadhi, nenda "Settings", "Permalinks", ubonyeze kitufe cha kuhifadhi bila kubadilisha kitu. Usipofanya hivyo, viungo vya matangazo mapya vitakupa ukurasa wa kosa na utajikuna kichwa bure.

Kisha tengeneza kategoria mbili: "Yanayoendelea" na "Yaliyopita". Kila tangazo jipya karani aliweke kwenye "Yanayoendelea". Kazi yake utaiona hivi punde.

Hatua ya 2: Weka programu-jalizi

"Plugins", kisha kitufe cha kuongeza mpya, tafuta PublishPress Future, weka, washa. Hakuna la kueleza hapa zaidi ya kukumbusha utengeneze nakala ya tovuti kwanza. Programu yoyote inayoweza kuondoa maudhui yenyewe isipewe tovuti isiyo na nakala.

Hatua ya 3: Washa palipo na haja tu

Kwenye menyu ya "Future" fungua mipangilio, uende kwenye kichupo cha aina za maudhui, "Post Types". Maneno kwenye vitufe hubadilika toleo kwa toleo, lakini maswali ni yale yale manne: je, programu ifanye kazi kwenye aina hii? Je, ijiwashe yenyewe kwa kila chapisho jipya? Muda ukifika ifanye nini? Na muda huo ni upi?

Kwa kurasa, jibu la swali la kwanza ni hapana. Ukurasa wa "Kuhusu Sisi", wa karo, wa mawasiliano, hauna siku ya kufa, na hakuna sababu ya kumwekea karani kisanduku cha tarehe pale akibonyeze kwa bahati mbaya. Kwa machapisho ya kawaida, iwashe lakini isijiwashe yenyewe. Mwenye haja ataweka tarehe kwa mkono. Kwa "Matangazo", jibu ni ndiyo kwa yote mawili. Hapo ndipo chaguo-msingi linafanya kazi yake.

Hatua ya 4: Muda ukifika, tangazo liende wapi?

Hapa chukua nafasi ufikirie. Programu inaweza kulifuta tangazo kabisa, kulitupa kwenye "Trash", kulirudisha kuwa rasimu, kulifanya la faragha, kulibandua pale juu lilipobandikwa, au kulihamisha kategoria. Wateja wengi wakisoma orodha hiyo macho yao hukimbilia kufuta. "Si limeisha? Litoke!"

Mimi siweki kufuta kuwa chaguo-msingi kwa mteja yeyote. Chaguo-msingi linatekelezwa wakati hakuna mtu anayeangalia, na kuna siku litatekelezwa pasipofaa: mkutano umesogezwa mbele, tarehe ya mwisho imeongezwa, karani ameweka mwaka usio wake. Tangazo lililobadilishwa kategoria linarudishwa kwa kubonyeza mara mbili. Lililofutwa kabisa linarudishwa kwa nakala ya tovuti, kama ipo. "Trash" iko katikati, ila watu wanaiamini kupita kiasi. WordPress huisafisha yenyewe baada ya siku 30 usipobadilisha, kwa hiyo ni kufuta vile vile, kumecheleweshwa mwezi mmoja tu.

Rasimu ni salama kwako lakini ni ya ukali kwa msomaji. Tangazo likirudi kuwa rasimu, aliyetumiwa kiungo kwenye WhatsApp anakutana na ukurasa wa kosa. Hajui kama kazi imefungwa, kama tovuti imeharibika, au kama alidanganywa. Anachofanya ni kupiga simu ofisini, na ule usumbufu uliotaka kuumaliza umerudi kwa mlango wa nyuma.

Chaguo langu ni kuhamisha kategoria. Kwenye mipangilio ya "Matangazo" chagua kitendo cha kubadilisha kategoria zote za sasa, kisha uitaje "Yaliyopita". Kuwa makini: kuna kitendo cha kuongeza kategoria na kingine cha kubadilisha. Ukichagua kuongeza, tangazo litakuwa ndani ya "Yanayoendelea" na "Yaliyopita" kwa pamoja, na hakuna kitakachoonekana kubadilika.

Ukurasa wa mbele nao uupange uonyeshe kategoria moja tu. Ukitumia bloku ya "Query Loop", chagua aina ya maudhui iwe Matangazo, kichujio kiwe "Yanayoendelea". Siku tangazo linapohama, linatoweka ukurasa wa mbele lakini kiungo chake kinabaki hai. Kilichobaki ni kumwambia aliyefungua kwamba amechelewa, kwa mistari hii kwenye functions.php ile ile:

```
add_filter( 'the_content', function ( $maandishi ) {
    if ( is_singular( 'tangazo' ) && in_category( 'yaliyopita' ) ) {
        $ilani = '<p><strong>Tangazo hili limefungwa. Maombi hayapokelewi tena.</strong></p>';
        return $ilani . $maandishi;
    }
    return $maandishi;
} );
```

Yule mtu wa Siaya akifungua kiungo alichotumiwa na binamu yake, mstari wa kwanza anaousoma ndio huo. Nauli yake imebaki mfukoni.

Hoteli nafanya tofauti kidogo. Ofa ya wikendi huwa ni chapisho la kawaida lililobandikwa juu ya mengine. Hapo natumia kitendo cha kubandua: ofa inashuka chini kwenye foleni na habari zingine, haipotei. Mgeni anayeona kwamba Desemba iliyopita palikuwa na ofa ya familia hana sababu ya kukasirika. Huenda akapiga simu kuuliza ya mwaka huu.

Hatua ya 5: Muda gani?

Muda wa chaguo-msingi unaandikwa kwa mtindo wa PHP, lugha iliyoandikiwa WordPress: `+14 days`, `+2 weeks`, `next thursday` na kadhalika. Unaonekana rahisi hadi uukute na kalenda.

Chukua `+1 month`. Tangazo la tarehe 5 linaisha tarehe 5 ya mwezi ujao, hakuna neno. Lakini la tarehe 31 Januari halina tarehe 31 Februari ya kwendea. PHP inasonga mbele na kukupa Machi 3, au Machi 2 mwaka mrefu. La Mei 31 linaangukia Julai 1. Kama ripoti zako za mwezi zinategemea kipi kilikuwa hewani lini, hili litakuvuruga. Andika `+30 days` na hesabu itakuwa ile ile mwaka mzima.

Majina ya siku yana ujanja zaidi, na makanisa ndiyo yanayoyapenda. Mtunza tovuti anafikiri: matangazo ya wiki yafe Jumapili, kwa hiyo `next sunday`. PHP ikitajiwa jina la siku bila saa huchukua mwanzo wa siku hiyo, 00:00. Matangazo ya ibada ya Jumapili yanatoweka Jumapili ikiingia tu, kabla hata mchungaji hajaamka. Sawa, basi `next monday`? Mtu akiweka tangazo Jumanne, vizuri. Ila katibu wa kanisa huweka matangazo ya wiki inayokuja Jumapili jioni baada ya ibada, na Jumatatu inayofuata ni kesho yake. Tangazo linaishi saa chache. Kwa makanisa ninaweka `+8 days`: lililowekwa Jumapili jioni linavuka Jumapili inayofuata na kutoka Jumatatu. Siku moja ya ziada haimdhuru mtu.

Hiyo siku ya ziada ndiyo kanuni yangu ya kukisia muda. Muulize mteja tangazo lake la kawaida hukaa siku ngapi, kisha chukua lile refu kati ya yale ya kawaida, uongeze kidogo. Chama cha ushirika ambacho nafasi zake za kazi hufungwa baada ya siku 14, na mara moja moja 21, kipewe 22. Tangazo fupi lililokaa wiki moja zaidi ni aibu ndogo. Refu lililofungwa mapema ni mtu aliyenyimwa nafasi yake ya kuomba, na hilo halina namna ya kuomba radhi.

Na chaguo-msingi lisimfanye karani aache kuangalia. Tangazo lenye tarehe kamili ya mwisho liwekewe tarehe hiyo kwa mkono. Kisanduku cha Future kiko upande wa kulia wa kihariri, tarehe ya chaguo-msingi ikiwa imeshajazwa. Aisome kabla ya kuchapisha. Hasa kama rasimu ilikaa siku kadhaa ikingoja sahihi ya mkuu, ahakikishe tarehe iliyomo ndiyo anayoitaka.

Hatua ya 6: Barua pepe ya taarifa

Programu inaweza kutuma barua pepe kila tangazo linapofungwa. Iwashe, uweke anwani ya ofisi na si ya mtu binafsi, kwa sababu makarani huhama. Barua zikikosa kufika, angalia kasha la barua taka, kisha uweke utumaji wa SMTP, yaani barua zipitie akaunti halisi ya barua pepe. Barua zinazotoka moja kwa moja kwenye seva za pamoja hukataliwa ovyo.

Hatua ya 7: Hakikisha saa inagonga

Umepanga kila kitu, saa imefika, tangazo bado lipo. Kabla hujailaumu programu-jalizi, elewa jinsi WordPress inavyofanya kazi zake za ratiba. Haina saa inayotembea yenyewe. Kila mtu anapofungua ukurasa, ndipo inapochungulia kama kuna kazi iliyofika wakati wake. Tovuti ya gazeti haitaona tofauti, maana kuna mgeni kila sekunde. Tovuti ya shule ya kijijini huko Bungoma, Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, inaweza kukosa mgeni hata mmoja. Tangazo la kufungwa Ijumaa saa kumi na moja linangoja mgeni wa kwanza. Na ukiwa na kashe inayompa mgeni nakala iliyohifadhiwa bila kuiamsha WordPress, hata huyo mgeni hasaidii.

Tiba ni kuipa seva kazi ya kugonga mlango. Kwenye wp-config.php, juu ya ule mstari wa maelezo unaosema uache kuhariri, ongeza:

```
define( 'DISABLE_WP_CRON', true );
```

Kisha ingia cPanel (paneli ya kusimamia seva), fungua "Cron Jobs", weka kazi ya kila dakika 15:

```
*/15 * * * * wget -q -O /dev/null "https://TOVUTI-YAKO/wp-cron.php?doing_wp_cron"
```

Fanya yote mawili au usifanye lolote. Ukiweka mstari wa kwanza ukasahau wa pili, hakuna kazi ya ratiba itakayofanyika tena kwenye tovuti nzima, hata machapisho yaliyopangwa kutoka kesho yatakwama. Kuna kampuni za kukodisha seva ambazo haziruhusu kazi ya kila dakika 15 kwenye kifurushi cha bei ya chini. Kila nusu saa inatosha kwa matangazo.

Hatua ya 8: Jaribu kwa simu

Tengeneza tangazo la majaribio, lipe dakika 20, lichapishe. Kwenye menyu ya "Future" kuna orodha ya vitendo vilivyopangwa. Hakikisha lako limo na saa yake ni ya Nairobi. Wakati ukipita, lifungue kwa simu, kwa bando lako na si kwa Wi-Fi ya ofisi, ukiwa hujaingia kama msimamizi. Msimamizi mara nyingi huonyeshwa ukurasa mpya huku wananchi wakiendelea kuona nakala ya kashe. Kama dashibodi inasema limehama lakini simu bado inalionyesha mbele, kosa liko kwenye kashe: punguza muda wa nakala ya ukurasa wa mbele, au iweke isafishwe chapisho linapobadilika.

Faili zilizobaki nyuma

Hili halimo kwenye mipangilio yoyote. Tangazo likifungwa, hata likifutwa, PDF iliyoambatishwa inabaki kwenye folda ya uploads, na mwenye kiungo chake ataifungua kama kawaida. Zabuni ya zamani haina madhara makubwa. Orodha ya walioitwa kwenye usaili, yenye majina, namba za vitambulisho na za simu, ni jambo lingine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haitaki taarifa za watu zikae kuliko muda unaohitajika, na "tangazo lilishafungwa" haitakuwa jibu ikiwa faili bado inafunguka. Orodha kama hizo usizipeleke kwa chaguo-msingi la "Yaliyopita". Zipewe tarehe yao na kitendo cha kufuta, na barua pepe ya Hatua ya 6 ikifika, karani aingie kwenye "Media" akaifute faili kwa mkono. Bora zaidi, namba za vitambulisho zisiwekwe hapo tangu mwanzo.

Matangazo ya zamani

Chaguo-msingi linashika matangazo mapya tu. Yale ya miaka iliyopita yatakaa pale pale hadi uyaguse. Nenda kwenye orodha, weka alama kwenye kundi moja, kwenye "Bulk actions" chagua "Edit", ubonyeze "Apply", na utakuta sehemu ya Future humo ya kuyapa yote tarehe na kitendo kwa mkupuo. Anza na machache, ngoja yahame, ufungue viungo vyake kwa simu uone ilani imetokea (hutokea kwenye aina ya Matangazo tu, si kwenye machapisho ya kawaida), ndipo uendelee na yaliyobaki.